Kidole cha Kuazima

Nilikuwa nyumbani Issuna kwa likizo mama aliponituma nimlipe jirani yetu hela ya kuku kwa simu. Nikaingiza namba ya jirani. Kabla hujathibitisha, simu inakuonyesha jina la mwenye laini ili usikosee. Lilitokea jina la mama.

Nikaingiza upya, jina lile lile. Mawazo yangu yakaenda moja kwa moja kwa kijana anayesajili laini gulioni, yule anayeamkia wazee kwa adabu hadi wanamwachia mkono bila kuuliza. Nikamwambia mama ameibiwa jina.

Aliendelea kupepeta mtama. "Hakuna aliyeiba. Nilimwazima kidole."

Alisema hivyo kama anayezungumzia jembe. Jirani ana kitambulisho cha taifa, lakini mashine ilikataa vidole vyake. Kupura alizeti na kung'oa vitunguu miaka yote kumefuta mistari. Mama alikuwa nyuma yake kwenye foleni, akatoa kitambulisho chake na kuweka kidole.

Nilikaa chini nikamfafanulia polepole. Jembe ukiliazimisha hurudi jioni, kidole hakirudi. Laini ile wajukuu wa jirani wanaichezea, wageni wanaiomba. Mmoja wao akimtapeli mtu, atatafutwa mwenye jina.

Mama akaacha kupepeta. "Watakuja kwangu?"

"Kwako, mama. Si kwake."

Hata hivyo alikataa kuifunga na kumwacha jirani bila simu, maana binti yake yuko Itigi na hawana njia nyingine ya kusikiana. Basi jirani akawa anapaka vidole mafuta ya alizeti kila jioni ili mistari irudi, na siku ya gulio tukaenda wote watatu kuibadilisha laini jina.

Kijana akatuamkia vizuri. Jirani akaweka kidole gumba. Haijasoma, bibi, rudia. Akaweka cha shahada. Haijasoma. Mkono wa pili. Nikanyoosha shingo nione kioo cha mashine. Kijana akakigeuza kidogo, labda kwa sababu ya jua. Mwishowe ikakubali. Nikaijaribu namba kwenye simu yangu, jina la jirani likatokea, naye akashukuru sana.

Mama hakuondoka.

"Mjukuu wangu," alisema, "zile alama za vidole ulizosema hazikusoma zimekwenda wapi?"

Kijana akacheka, akasema hazijaenda popote. Mama akauingiza mkono wake ndani ya khanga, na hakuutoa mpaka tulipofika nyumbani.