Maji Aliyoleta Sadalla

Asubuhi ile Haruna alimkuta taa wake amegeuka chali ndani ya tangi la kioo, tumbo jeupe limeingia madoa mekundu, mkia umelegea kama uzi uliokatikia cherehani. Alikuwa samaki bapa, mpana kama chapati, na kila aliposikia nyayo za Haruna alikuwa akipanda juu kudai chakula. Rafiki yake Sadalla ndiye aliyemleta kutoka soko la samaki la Feri, mzima, ndani ya ndoo.

Waridi, mkewe, alikuwa na wimbo wake wa kila siku: "Wenzio wanafuga kuku, wewe unafuga kitoweo!" Siku ile hakuuimba. Alimtoa taa tangini, akamfunika kwa kipande cha kanga akasema, "Pole, baba Anifa."

Haruna ni fundi cherehani hapo Kariakoo, mtu wa haya. Mteja akimfokea, huinama akaendelea kushona. Maneno yake mazito yote ameyasema Sadalla. Sadalla ndiye aliyekuwa mshenga wake alipomposa Waridi. Sadalla ndiye aliyemlainisha mwenye nyumba lilipoingia tangi. Na kwa kuwa taa yule hakuweza kuishi kwenye maji ya bomba, Sadalla, mwenye guta, baiskeli ya miguu mitatu ya kubebea mizigo, alijitolea kumchotea maji ya bahari kila apitapo ufukweni Magogoni.

Sasa kimemuua nini? Haruna hakwenda kazini. Alitafuta kama anavyotafuta kwa nini cherehani inaruka mishono. Umeme haukukatika. Pampu ya hewa ilikuwa inapuliza. Kamba aliomlisha walikuwa wabichi. Wenzao walipikwa humo humo ndani na hakuna aliyeumwa tumbo.

"Hukupuliza dawa ya mbu?" alimwuliza mkewe.

"Chumbani kwa huyo samaki, mwanao wa kambo? Nithubutu!"

Mchana akaja Mgeni, jirani wa chumba cha mbele. "Pole, kaka Haruna. Kwa hiyo na yale maji ndiyo basi tena?"

"Maji gani?"

"Ya bahari, ya kuogea mikosi. Si Sadalla anatuuzia hapo uchochoroni? Kasema wewe mwenyewe umeruhusu. Mdogo wangu kayaoga, kapata kazi!"

Haruna aliinuka. Aliliendea galoni lililobaki, akamimina kidogo kwenye bakuli. Maji ya bahari huacha mchanga, hunuka mwani. Haya yalinuka dawa ya maji ya bomba, na chini ya bakuli zilibaki punje za chumvi ya kupikia. Sadalla alikuwa akiuza bahari njiani, kisha anajaza magaloni bombani na kuyakoroga chumvi.

"Nipe simu nimtukane," alisema Waridi.

"Hapana."

"Basi nani atamsema? Msemaji wako si ndiye huyo huyo?"

Alasiri kengele ya guta ikalia mlangoni. Sadalla aliingia na galoni begani, meno yote nje. "Fundi! Mtoto hajambo? Nimemletea bahari yake."

Haruna alimwonyesha tangi tupu.

"Ulipokwenda kuniposea, ulimwambia nini baba yake Waridi?"

Sadalla alilitua galoni taratibu. "Nilimwambia huyu kijana hajui uongo."

"Na mimi nilikaa kimya pembeni, kwa kuwa nilikuamini. Umemuua kwa chumvi ya jikoni, Sadalla. Ukanitangaza uchochoroni kwamba nimeruhusu."

Sadalla alimtazama Waridi, kama mtu anayetafuta wa kumsemea. Waridi aligeuzia uso ukutani.

"Lakini fundi, samaki tu yule. Bahari imejaa, nitakuletea mwingine hata kesho."

"Imejaa," alisema Haruna, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe. "Ndiyo maana nashindwa kuelewa, bahari nzima, ulikosaje galoni moja la rafiki yako."

Haruna alilibeba lile galoni hadi uani, akalimwaga kwenye mtaro. Aliporudi akampa likiwa tupu.

"Ukitaka kuomba radhi, usitume mtu," alimwambia. "Njoo mwenyewe."