Agnetha amechoka na wembe wa busha la watoto

Saa mbili asubuhi, kata ya Katindiuka. Agnetha Mkopi anaegemeza baiskeli ukutani, kisha anamfunua mtoto wa miezi saba aliye mapajani mwa mama yake.

Korodani moja imevimba. Juu yake kuna chale tatu zenye usaha, na mtoto ana homa.

"Dorotea, nani amemchanja?"

Dorotea, mama wa mtoto, anainama. Anayejibu ni mama mkwe wake, Serafina.

"Mimi ndiye niliyempeleka kwa mganga. Babu yake alikuwa na busha. Tusubiri mpaka ashindwe kutembea?"

"Shikamoo mama," anasema Agnetha, ambaye hata akikasirika hasahau heshima. "Busha la babu lililetwa na minyoo inayoenezwa na mbu. La huyu ni maji yaliyoshuka kutoka tumboni kupitia njia ambayo haikujifunga alipozaliwa. Wengi hupona wenyewe kabla ya miaka miwili. Nilisema mwezi uliopita!"

"Ulimwambia yeye," Serafina anamkata. "Mimi hukuniambia kitu."

Agnetha anapiga simu kuita bodaboda.

Ana miaka 44. Analima mpunga, na kwa miaka tisa amekuwa mhudumu wa afya wa jamii, akizungukia kaya 130. Masika anaisukuma baiskeli kwenye tope zaidi kuliko anavyoipanda.

"Wanaotakiwa kusubiri wanakimbilia wembe," analalamika. "Wanaotakiwa kukimbia wanasubiri."

Mwaka jana mtoto wa miaka mitano alivimba korodani ghafla, akalia kwa maumivu. Nyumbani walimkanda kwa mafuta siku mbili. Alipofikishwa hospitali, korodani moja ilikuwa imekufa, ikaondolewa.

"Uvimbe mgumu, wenye maumivu, hausubiri hata saa moja. Nimeimba mpaka sauti imekauka."

Safari hii hawasubiri: wanapanda bodaboda mbili, wote watatu na mtoto. Hospitalini daktari anamulika uvimbe kwa tochi, unang'aa: ni maji matupu. Kinachomlaza mtoto wodini ni chale. Siku ya nne homa inashuka, naye anaruhusiwa.

Agnetha bado ana hasira, sasa na yeye mwenyewe.

"Miaka tisa nafundisha akina mama, kumbe wanaoamua ni bibi za watoto. Jumapili baada ya misa nitaanza na mabibi. Serafina atakaa mbele. Asipokuja, nitamfuata shambani, tutapalilia wote huku namwambia, mpaka anichoke."