Karani wa Uso Mmoja Mmoja

Hebu muone karani huyu akifika ofisini: kitenge kimelowa mvua, vidole baridi, macho tayari kwenye mashine. Fishi, kadi za picha za watoto waliopotezana na wazazi vitani, zinatunzwa kwenye mashine ya Kinshasa, naye anazivuta moja moja, rezo ya intaneti ikisuasua, na kila picha anaisogelea kama mtu anayenusa.

"Mama, utazeeka hapo!" Prodige, kijana anayefanya naye kazi, anamcheka. "Andika jina tu, mashine ya kule itatafuta yenyewe, itakuletea jibu."

"Na mutoto mwenye aliokotwa hajajua kusema jina lake?"

Dirishani mama aliyetoka kijiji cha Kibumba anangojea habari za mwanawe aliyepotea, kitenge cha kubebea kimefungwa mgongoni, kitupu. Saa ya kufunga imefika, funguo ziko mkononi mwa Prodige, na fishi nyingine ndiyo kwanza inafunguka, paji la uso tu ndilo limeonekana. Wewe ungezima mashine?