Ua la Kaburi la Baba

Tulipokimbia Muheto, kijiji chetu cha Masisi, mama alikataa kuondoka kabla ya kung'oa mizizi, minene kama vitunguu, ya lile ua jekundu lililoota juu ya kaburi la baba. Risasi zinalia vilimani, sisi tuko mtoni tunaosha maua! Nilikasirika. Lakini kwetu anayehama hubeba ua la kaburi, habebi udongo wake. Mama alisugua kila kitunguu kwa majivu mpaka kikatakata.

«Udongo ya kaburi haivukake muto,» aliniambia. «Ukiibeba, mufu atakufuata, na kule tunaenda hatuna hata nyumba ya kumulalisha.»

Tulifika Omate, huko Walikale, tukajenga kibanda cha turubai karibu na mashimo ya wachimba madini. Mama alipanda vitunguu vyake mlangoni, kwenye changarawe waliyoitupa baada ya kuiosha. Majani yalitoka membamba, ya njano, yakalala. Vitunguu vikaoza mpaka kikabaki kimoja. Mama naye alikuwa anakwisha, tumbo linamuuma, chakula hakipiti. Alitaka kitu kimoja tu, aone ua lile kabla hajafa. Kwake, lisipochanua, basi baba amemwacha.

Jirani yetu, agronomu, mtaalamu wa kilimo aliyekimbia vita kama sisi, alikichimbua kile kitunguu, akatikisa kichwa.

«Mama, muliosha sana. Mu udongo muzima muko uyoga ya kidogo kabisa, nyuzi nyembamba kupita unywele. Inashikana na mizizi, inaipatia maji na chakula. Ile ndio muliacha kule ku muto. Na hii changarawe haina kitu.»

Maji yakimwagika hayazoleki, najua, lakini nilishika jembe. Niliingia msituni, nikachota udongo mweusi chini ya miti mikubwa, nikakipanda kile kitunguu upya humo. Kila asubuhi nilikifokea: ota basi, ota! Majani yakanenepa, yakawa ya kijani. Mama akawa anaomba abebwe hadi mlangoni ayaguse.

Bua likachomoza. Ua lilikuwa bado limefumba mama alipokufa. Nililia kwa hasira kuliko huzuni. Lingechanua mapema kidogo, lingepungukiwa na nini?

Tulimzika nyuma ya kibanda, nikalihamishia ua juu yake pamoja na udongo wa msituni. Lilichanua jekundu lile lile, na sikuweza kulitazama.

Kisha risasi zikafika na huko. Niliking'oa kitunguu, nikasimama mtoni na majivu mkononi. Mizizi ilikuwa imejaa udongo mweusi wa kaburi la mama. Mwanamke tuliyekimbia naye alikuwa ameshavuka.

«Osha mbio, dada, tuende!»

Nikayamwaga majivu. Nikakifunga kitunguu na udongo wake ndani ya kitenge, nikakibeba mgongoni, nikaingia majini. Mama, nifuate.