Mama wa Taa

Kila magharibi, baridi ya Uluguru inaposhuka, mama wa taa hufuta globu zinazoning'inia juu ya mabwawa ya samaki aina ya trauti kwa ncha ya kanga, taratibu, kama anayempangusa mtoto uso. Kisha huziwasha. Giza likiwahi, humwambia Shadya, mfanyakazi mwenzake, samaki hudhani msimu wa kutaga umefika. Huacha kukua, nguvu zote zikaishia kwenye mayai. "Mwanga unawaongezea utoto," husema kwa ile sauti yake ya chini, huku vidole vilivyokunjamana kwa maji vikiwanyunyizia chakula.

Jana dada yake alipanda mlima akihema. "Mjukuu wako kavunja ungo. Chumba tayari, dirisha limezibwa. Atakaa ndani mpaka achezwe unyago. Shule ndiyo basi." Mama wa taa alifuta globu ya mwisho, akaiwasha, akaitazama mpaka Shadya akaona macho yake yakilengwalengwa na machozi. Ndipo akajifunga kanga kiunoni.

"Shadya, mwanangu, niangalizie taa zangu. Nateremka." Akamgeukia dada yake. "Yule haingii gizani. Bado anakua."