Jina Nililoipa Waifai

Siku ile bado naikumbuka, mwanangu, na nikiikumbuka uso unanichoma. Usicheke. Hata sisi tunaovaa miwani leo tulikuwa vijana wa kuchomeka nyaya.

Nilikuwa nimepata bodi yangu ya kwanza ya kielektroniki, kama hiyo yako: ndogo, ina waifai ndani yake, na inakaa vizuri kwenye ule ubao wa vitundu bila kulehemu chochote. Nyumbani kwetu Tongaren niliiunganisha na taa ya baraza, nikawa naiwasha kwa simu. Bodi ile hurusha waifai yake yenyewe, na jina unachagua wewe. Mimi nikaiita "Shemeji Bahili."

Shemeji mwenyewe alikuwa Wafula wa Kitale, mchumba wa dada yangu Nekesa. Kila akija kwetu alikuja mikono mitupu, hata mkate hana, nami nikaona huo ni mzaha mtamu kweli. Kisha nikasahau kulibadilisha jina hilo.

Jioni moja watu wake wakaja kuposa. Nekesa alikuwa na wasiwasi, maana baba yetu na baba yake Wafula wote walikuwa wagumu, na neno moja baya lingetosha kuwarudisha wageni kwao. Mimi, kwa kujishaua, nikawaonyesha jinsi bodi yangu inavyowasha taa. Wakapiga makofi. Kisha mjomba wa Wafula akatoa simu atume picha.

"Kumbe hapa muko na waifai?" akasema, akasoma kwa sauti, pole pole. "Shemeji... Bahili."

Baba akanitazama.

"Hiyo ni ya jirani," nikasema.

Jirani, mwanangu, yuko ng'ambo ya shamba zima la mahindi! Nikajifanya naenda kuleta maji, nikaingia chumbani, nikaing'oa bodi kwenye umeme. Taa ya baraza ikazimika papo hapo, na jina likapotea kwenye simu. Niliporudi na jagi hakuna aliyehitaji kuniuliza waifai ile ni ya nani.

Mama yake Wafula, aliyekuja na wageni, alikuwa mgonjwa na hakusikia vizuri. "Ati imeandikwa nini?" akauliza gizani.

Wafula akamwinamia. "Ni jina la duka tu, mama. Kunywa chai."

Baadaye Nekesa alinikuta jikoni. Hakupaza sauti. "Pesa yake yote inaenda kwa dawa ya huyo mama. Si ungeniuliza tu, bana?"

Nilitamani ardhi inimeze. Niliyemtukana ndiye aliyenisitiri, na mimi nilikuwa nimemsingizia jirani asiye na habari.

Posa ilikubaliwa, kwa sababu Wafula aliomba watu wake wanyamaze. Wana watoto wakubwa sasa. Mama yake tulimzika, nikabeba jeneza, na bado sijamwambia shemeji yangu samahani. Kila nikifika Kitale tunaongea habari za mvua na mbolea, kisha naaga.

Kwa hiyo, mwanangu, cheza na bodi yako, unguza mbili tatu, ndivyo watu hujifunza. Lakini usiandike juu ya mtu neno lisiloweza kusomwa mama yake akiwa ameketi hapo. Na ukikosea, sema "ni mimi" siku hiyo hiyo, kwa maana ukilaza neno hilo linazidi kuwa zito mdomoni.

Mungu aibariki mikono yako, akupe na ulimi mwepesi wa kuomba samahani kuliko wangu.