Anayetembea Nyuma

Mwanamke anayetembeza wageni katika msitu wa vilima vya Kisarawe hatangulii. Huwaonyesha njia, akawaacha wapite, kisha hufuata nyuma na kanga yake kiunoni, akiokota chupa walizoangusha. Huongea kwa sauti ya chini, hivyo anayetaka kumsikia hulazimika kupunguza mwendo.

Jumamosi moja Laurensia, karani kutoka Kibaha, alipanda na wafanyakazi wenzake. Yalikuwa matembezi yake ya kwanza tangu afanyiwe upasuaji wa moyo, na alikuwa amechoka kuonewa huruma ofisini. Kwenye mwinuko wa mwisho pumzi zilimwishia, akakaa chini, machozi yakimtoka. Wenzake walikwishafika juu na walikuwa wakimwita. Yule mwanamke hakumwambia ajikaze. Alikaa kando yake, akamsikiliza anavyohema, kisha akapaza sauti: “Jamani, goti langu limegoma! Namwomba dada huyu anishushe.”

“Pole, mama!” wakajibu kutoka juu.

Laurensia akamtazama. “Mbona goti lako ni zima?”

“Zima kabisa. Nishike mkono vizuri, wanatuona.”

Wakashuka polepole, wakisimama kila Laurensia alipotaka kusimama. Wenzake walipowakuta barabarani, mama yule alikuwa bado anachechemea, na Laurensia, huku amemshika kwapani, alikuwa akiwafokea watu wampishe mgonjwa wake.